Nilikula Firigisi ya Baba Mkwe, Nikanyamazia Ufa wa Gari Lake

Admin, nifiche vizuri, na duka ninalofanyia kazi usilitaje, maana Kakamega ni ndogo na mke wangu husoma ukurasa huu kuliko anavyosoma Biblia. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, tuna watoto wawili, tunaishi Lurambi. Nauza vipuri vya magari mjini lakini gari langu mwenyewe sina, na wenzangu dukani wameligeuza hilo wimbo.

Baba mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, anakaa upande wa Isecheno. Ana gari, Pijo 504 aliyoinunua ujanani. Alipostaafu, wenzake walifuga ng'ombe wa maziwa, yeye akapeleka Pijo kwa fundi. Akaiwekea injini nzito iliyotolewa kwenye gari la mizigo, akaishusha chini, akaivisha rimu pana na viti vyekundu. Ikipita stendi vijana wa bodaboda wanapiga mluzi, na mzee mzima anawapungia mkono kama gavana. Sitawaficha, nimeitamani Pijo hiyo tangu siku tuliyopeleka mahari.

Majuzi akanipigia simu. Alisema macho yamechoka, anataka kuiuza, na hataki itoke nje ya familia. "Mkwe wangu, kuja uiangalie."

Kuangalia gari nakujua, ndiyo kazi inayonilisha. Lakini la mkwe unaliangaliaje? Angekuwa mtu baki ningeomba jeki, nikalala chini, nikagonga kila chuma. Ukiingia chini ya gari la baba mkwe naye amesimama hapo, ni kama umemwambia usoni kuwa ni mwongo. Kwetu hilo halifanyiki.

Nikaenda nimevaa shati jeupe. Nikakuta kuku ameshachinjwa. Mama mkwe alinisalimia kutoka mbali kama desturi ilivyo, akarudi jikoni. Mzee akachukua imondo, yaani firigisi, akaniwekea juu ya obusuma yangu, ugali wetu, kwa mkono wake. Kwetu firigisi haipewi mtu ovyo. Niliona ukucha wa kidole gumba chake una weusi, nikadhani ni masizi. Nilitafuna huku moyo ukinisuta, nikishameza hii nitauliza nini tena?

Tukatoka uani. "Hii inashikanga mara moja tu," akasema, na kweli injini ikanguruma mara moja. Nikazunguka gari nikisifu rangi, nikisifu viti. Mwishowe nikaangusha funguo za nyumba yangu, nikazisukuma kwa mguu zikaingia chini ya gari. Nikainama kuzitafuta, na shati langu jeupe.

Huko chini kulikuwa na matope na kutu kama gari lolote la zamani, isipokuwa mbele upande wa kushoto, chini ya kiti cha abiria. Pale palikuwa pamepakwa rangi nyeusi, bado inanuka. Nikapapasa. Chuma kikubwa kinachobeba mbele ya gari kilikuwa kimepasuka, kikazibwa kwa kipande cha bati kilichochomelewa, na ile welding nayo imeachia tena. Ukucha wangu uliingia kwenye ufa. Injini nzito vile, gari limeshushwa vile, kila tuta linagonga papo hapo. Siku chuma hicho kikikatika barabarani, usukani hautamsikiliza mtu.

"Umezipata?" mzee akauliza.

"Nimezipata, baba."

Nikajipangusa magoti, nikasema pesa zangu bado hazijatosha, asiningoje. Akanishika bega. "Wewe uko na heshima. Wengine wanakujanga na fundi na tochi, kama wewe ni mwizi." Sifa hiyo ilinifunga mdomo kabisa. Nikashukuru, nikapanda bodaboda nikarudi nyumbani.

Sasa sikilizeni nilichojiletea. Kwa kuwa mimi nimeshindwa kununua, mzee amempa shemeji yangu, kitinda mimba wao, bure. Nilimpigia shemeji nikamwambia kwa mzaha aipeleke kwa fundi aiangalie chini kwanza. Akacheka. "Buda, hiyo machine iko fiti. Wewe ni wivu tu inakusumbua."

Mke wangu naye amenuna. Anasema baba yake alininyooshea mkono nikaukataa kwa ubahili. Nilipoanza tu, "Unajua lile gari chini yake..." akanikatiza. "Baba anaweza kutuuzia gari mbovu? Sisi watoto wake?" Nikasema hapana, nikaenda kuoga.

Swali hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ule weusi wa kidole gumba naujua sasa. Rangi ile aliipaka mwenyewe. Labda fundi alimwambia ufa umeziba, naye mzee akapaka kuzuia kutu. Nataka sana iwe hivyo. Lakini kama alijua? Nikimwambia na hakujua, nitamvunja moyo mzee aliyenipa binti yake. Nikimwambia na alijua, mke wangu atamtazamaje baba yake? Kazini nampa mteja breki nikiwaza chuma kile.

Jumamosi kuna harusi ya jamaa yao huko Mumias. Shemeji atamchukua mama mkwe kwao, halafu apitie kwangu awachukue mke wangu na watoto. Mimi sitaenda nao, siwezi kubanana na mama mkwe ndani ya gari moja. Binti yangu ameshatoa gauni lake, amelitundika mlangoni. Anaimba nyumba nzima kwamba yeye atakaa mbele na mjomba, kushoto, kwenye kiti chekundu.

Nyinyi mliowahi kumwambia mkwe neno gumu na ndoa zenu zikasimama, mlianza na neno gani? Nijibuni kabla ya Jumamosi.