Nzango Bila Nyimbo

Enzi zetu, katika shule moja ya mtaa wa Tshopo, wasichana walicheza nzango bila kuimba. Anayeujua mchezo huo atashangaa, kwa sababu nzango ni kuruka, kupiga makofi na kurusha mguu mbele ya mwenzako, na nyimbo ndizo zinazoupa mwendo. Wao waliruka midomo imefungwa, vumbi likipanda mpaka magotini, yanasikika makofi tu. Sisi wavulana tulikimbiza mpira wa matambara tukiombana pasi kwa kupunga mikono. Mpita njia angedhani ni shule ya mabubu.

Sababu ilikuwa kipande cha mti chenye kamba, tulichokiita simboli. Ukikamatwa unasema Kiswahili au Lingala ndani ya uwanja wa shule, unavishwa shingoni, na unakaa nacho hadi umnase mwenzako. Atakayekuwa nacho kengele ya mwisho inapolia, anabaki kufagia. Lengo lilikuwa tujue Kifaransa, na wazazi waliliunga mkono. Baba yangu, tuliyemwita Papa, alikuwa akituambia, "Français ndiyo inafungua mulango ya bureau," yaani mlango wa ofisi. Mimi sikuwa na kinyongo sana, maana nilikuwa mropokaji, nikakizoea kile kipande kama wengine wanavyozoea saa ya mkononi.

Aliyeumia ni Zaina, binti wa shangazi yangu, aliyeletwa kwetu kutoka Opala kusoma darasa la tano. Alikuja anaongea kama cherehani. Jioni, mama akitwanga ndizi za lituma, Zaina alituigizia abiria wote wa mtumbwi aliokuja nao, hadi mama anaweka mchi chini ashike mbavu. Simboli aliivaa mara moja tu, alipokuwa bado mgeni, na darasa zima likamcheka. Hakuivaa tena, kwa sababu hakusema tena. Mwalimu wetu, ambaye tulimwita Maître, alimsifu kwa nidhamu.

Baadaye maneno yakaanza kupungua hata nyumbani. Ukimwita anaitikia kwa kichwa. Mama alimpikia pondu, mboga ya majani ya muhogo, yenye mawese ya kutosha, akidhani amekumbuka kwao tu. Papa hakuwa mkatili, ila alipenda kumaliza mambo upesi: mwisho wa mwaka kuna mtihani wa mdomo, na mtoto asiyefungua mdomo atafeli, kwa hiyo akifeli arudi Opala akamsaidie bibi shambani. Zaina alisikia yote. Mimi nililala na hofu, kwa kuwa nilimpenda kama dada wa tumbo moja.

Wakati huohuo akaja Mademoiselle Béatrice, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akiandika tasnifu yake kuhusu tabia za watoto darasani. Alikaa kwenye dawati la nyuma kabisa, akatazama tu. Alitazama nani anasema, na nini kinamfika papo hapo baada ya kusema. Tulimwona mvivu wa hali ya juu, mtu mzima anayekuja shuleni kukaa.

Siku alipoongea na Maître nilikuwapo, kwa kuwa simboli ilikuwa shingoni mwangu na ufagio mkononi. Alimweleza kwamba tendo likifuatwa na jema hurudi, likifuatwa na aibu hujificha, na kwetu karibu kila neno lilifuatwa na aibu. Lugha ya nyumbani ilileta kipande cha mti, na Kifaransa kibovu kilileta kicheko.

"Maître, batoto habajifunze français," alisema. "Banajifunza kunyamaza."

Maître akasema kwamba hata yeye alivishwa kitu kama hicho utotoni. Wakakubaliana wajaribu kukigeuza. Mti ni uleule, kamba ileile, lakini sasa anayepewa ni yule aliyejaribu Kifaransa, hata kwa neno moja, hata kwa makosa. Mwenye nacho ndiye atakayegonga kengele ya mapumziko, yaani rimu ya lori iliyoning'inia nje. Na uwanjani kila mtu aseme lugha yake.

Mwanzoni hakuna aliyeamini. Mimi mropokaji ndiye niliyeanza, kuku alipopita mlangoni nikamsalimu kama bibi mheshimiwa, "Bonjour, madame la poule." Nikaenda kugonga rimu kifua mbele.

Kwa Zaina walikwenda polepole. Mademoiselle alimwomba Maître asingoje sentensi nzima. Siku Zaina alipochezesha midomo tukisoma pamoja, kile kipande kiliwekwa kwenye dawati lake bila maneno. Baadaye kikawa cha kunong'ona, kisha cha neno moja. Hatimaye asubuhi moja Maître aliuliza nyumbani kunapikwa nini, na Zaina akasimama.

"Ma mère prépare pondu," alisema, yaani mama yangu anapika pondu, naye alimaanisha mama yetu sisi.

Zamani hilo neno pondu, kwa kuwa si la Kifaransa, lingemtia kamba shingoni. Maître alimpa simboli kwa mikono miwili. Zaina aligonga rimu mpaka majirani wakachungulia, na mapumziko yale wasichana waliimba. Mimi nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Lakini kazi ya utafiti ina masharti yake. Profesa wa Mademoiselle alitaka sheria ya zamani irudishwe kwa wiki moja, ionekane kama ukimya nao utarudi. La sivyo mtu angeweza kusema watoto wamekua tu, wamezoea shule. Leo ninajua kwamba profesa alikuwa na hoja. Jumatatu simboli ikarudi shingoni. Kesho yake nzango ilichezwa tena bila nyimbo, na jioni mama alipomuuliza Zaina kama ameshiba, alijibu kwa kichwa. Mama aliacha kula.

Jumatano Maître alimuuliza swali jepesi. Zaina alifungua mdomo, akauziba kwa kiganja. Mademoiselle alifunga karatasi zake, akaja mbele na kusema ameshaona alichokuwa akikitafuta, inatosha. Maître akamkumbusha kwamba profesa alisema wiki nzima.

"Semaine nzima iko ya professeur," alimjibu. "Kinywa iko ya mutoto."

Simboli ikageuzwa saa ileile. Nilisikia baadaye kwamba profesa alinung'unika sana, na tasnifu ikapita kwa kuburutwa. Zaina naye aliuanza upya mnong'ono wake, na mtihani wa mdomo akaupita. Papa hakutoa hotuba. Alirudi kutoka sokoni na makayabu, samaki wa chumvi aliowapenda Zaina, na habari ya Opala ikaishia hapo.

Sasa mimi mwenyewe nafundisha somo hilo la tabia na kujifunza. Wanafunzi wangu wanapenda kuchunguza watoto bila kuwaona: wanatuma maswali kwa simu, na chai haijapoa wameshapata michoro ya rangi. Nikiwaambia wakakae dawati la nyuma, wananiuliza kama kuna wifi huko. Wanangu nao wanajifunza hesabu kwenye simu inayowapa nyota kila wakipatia. Mega za intaneti zikiisha, na hesabu imeisha. Siwacheki sana, maana nyota zile ni ndugu wa kile kipande chetu cha mti. Ila simu haijui ni mtoto yupi ameziba mdomo kwa kiganja.

Zaina anaishi upande wa Bangboka, anawauzia lituma na samaki wafanyakazi wa uwanja wa ndege, na anabishana nao kwa lugha tatu. Kwa kuwa barabara ni mbaya, ananitumia jumbe za sauti, ndefu kama safari ya mtumbwi kwenye mto Lomami. Kila ujumbe unaanza na kimya kidogo, halafu pumzi, ndipo anasema. Wanangu hawana subira. "Papa, tia ku mbili," wananiambia, "tantine anakawia." Tantine ni shangazi yao Zaina, na wao husikiliza kila kitu kwa mwendo wa mara mbili.

Nawaambia waache simu yangu. Namsikiliza Zaina kwa mwendo wake, kuanzia kile kimya cha mwanzo, na mpaka leo moyo wangu hautulii hadi aseme.