Mshono Ulioshika

Mume wetu alitukata sote wawili asubuhi moja, kwa panga moja, nyuma ya kisigino cha kulia. Tulikuwa tumepanga kutoroka Igowole turudi kwetu, na mtu akamwambia. Alianza na mke mkubwa. Mimi ndiye mdogo. Sikukimbia, kwa sababu mke mwenzangu alikuwa amenishika mkono akilia.

Enzi zile za Mwingereza kesi kama hiyo ilikwenda kwa jumbe. Jumbe alimtoza ng'ombe, nyama ikaliwa, kesi ikaisha. Sisi tulipakiwa kwenye lori la mbao mpaka hospitali moja mjini Iringa.

Daktari Mzungu alifurahi kutuona. Dresa, mfunga vidonda aliyetutafsiria, alisema daktari hajawahi kupata mikato miwili iliyofanana hivyo, na siku nyingi alitaka kujua ni mshono upi unaounga mshipa wa kisigino ukawa na nguvu zaidi. Basi mwenzangu alishonwa kwa uzi uliopita mara moja tu. Mimi uzi ulikwenda ukarudi, ukapishana kama ukili wa mkeka. Hakuna aliyetuuliza. Tulifungwa mahogo ya plasta miguuni, tukalazwa vitanda jirani.

Mahogo yalipokatwa, daktari alitusimamisha ukutani, akaamuru tuinuke kwa vidole vya mguu ule ule uliokatwa. Niliinuka. Mwenzangu alifika nusu, nikasikia kitu kikikatika ndani ya mguu wake, naye akaanguka. Daktari aliinama, akapabonyeza pale palipoingia ndani huku mwenzangu akiuma kanga yake. Kisha akaja akanipigapiga begani.

Mume alikuja siku ya ruhusa. Hakutusalimu. Alimwuliza dresa ni yupi atakayeweza kulima, na dresa akanionyesha mimi.

"Huyo mwingine bakini naye," alisema.

Nilikwenda kumuaga mwenzangu. Nilidhani atanionea wivu.

"Pole, mdogo wangu," aliniambia. "Wako umeshika."

Kaka yake alikuja kumchukua, wakahamia Ilula. Aliuza mboga kando ya barabara, akichechemea, na watu waliopita huko walisema amenenepa. Mimi nililima mahindi na ulezi wa yule mwanamume mpaka alipokufa, na mshipa haukunisumbua hata msimu mmoja.

Dresa nilikutana naye baadaye sokoni. Alisema tangu siku ile daktari humshona kila mtu kwa mshono wangu.