Mzee Aliyeota Moto kwenye Diski ya Breki

Usinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni Msabato, ladha ya pombe siijui, na haya yalinipata nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa natoka Keroka kurudi nyumbani Ikonge, peke yangu kama kawaida tangu mke wangu afariki. Ilikuwa jioni, ukungu umeshuka juu ya majani chai. Breki za mbele zikaanza kusaga chuma kwa chuma. Pedi mpya nilikuwa nazo kwenye buti, basi nikaegesha, nikapiga jeki, nikatoa gurudumu. Diski ilikuwa moto hata ikaniunguza kidole.

Nilipoinua macho, mzee alikuwa amechuchumaa kando yangu. Hatua zake sikuzisikia. Sweta yake ilikuwa imelowa matope, na siku hiyo mvua haikunyesha.

"Kijana wangu, niote moto kidogo?"

Nikamwambia hapa hakuna moto, mzee wangu. Akaweka viganja vyote viwili juu ya ile diski. Niamini, hakushtuka hata kidogo.

"Kwangu hakuna wa kuwasha jiko," akasema. "Watoto walikuja, wakaondoka siku hiyo hiyo."

Nikairudisha pistoni ya breki ndani, nikapachika pedi. Nilipoigusa diski tena, ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilifunga gurudumu mbiombio. Akanishika kifundo cha mkono.

"Keti nami kidogo tu."

Nikajinasua, nikaondoa gari. Kwa kile kiwewe nilisahau kukanyaga pedeli ya breki mara kadhaa kwanza, kama inavyotakiwa ukibadilisha pedi. Kwenye mteremko nikaikanyaga, ikazama mpaka chini. Nikakanyaga tena, na tena. Gari lilikuja kusimama limeshavunja ua wa watu.

Mama mmoja akatoka na tochi. Nilipoanza kumweleza akanikatiza.

"Alikuomba moto?"

Akamulika nyumba ya jirani. Imefungwa kufuli, kaburi liko mbele ya mlango. "Walimzika mchana, jioni wakarudi Nairobi. Hakuna aliyelala hapo hata usiku mmoja."

Kifundo changu ni baridi mpaka leo. Nakikanda kwa maji moto, nakifunga kitambaa, wapi! Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe narudi kila siku kwenye nyumba isiyo na mtu, na bado nilikataa kuketi.

Kwa hiyo nakuonya. Ukimzika mtu wako, usikimbilie gari. Lala pale. Washa moto.