Ndimu Ziliniishia Kiunoni mwa Wavuvi

Akina mama wa kwaya wananiita Madame Ndimu mpaka leo, na nimeshakubali, kwa sababu mtu akishajiaibisha mbele ya padri, wageni wa Lubumbashi na majirani wa mtaa mzima, hana tena haki ya kuchagua jina. Afadhali nisimulie mwenyewe tangu mwanzo, maana wao huanzia katikati, pale panapochekesha.

Mimi ni mkubwa wa watoto watano. Baba na mama walipofariki niliacha shule, nikaanza kuuza samaki wakavu sokoni hapa Likasi, na wadogo zangu wakala, wakasoma, wakakua. Wote wananiita Yaya, yaani dada mkubwa, na jina langu la Leontine wanalikumbuka pale tu wanapoulizwa na mtu wa ofisini. Kitinda mimba wetu, Tresor, anafua shaba: anachukua bamba, anapiga kwa nyundo na misumari mpaka picha inajitokeza. Mwaka jana mfuko mmoja wa hisani (sisi tunasema fondation tu) ulimpa ruzuku. Watu hao wanasaidia wachoraji, wachongaji na wafua shaba, na pia wanalipia kazi za zamani zitunzwe zisije zikapotea. Ruzuku ya Tresor ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kujifunza kutunza bamba kubwa la parokia, lenye urefu wa mlango, lililofuliwa na fundi mmoja wa hapa ambaye alikwisha kufa. Ya pili ingetoka wageni wa fondation wakishakuja kukagua, na hiyo ilikuwa ya mabamba yake mwenyewe, ayafue na kuyaonyesha watu Lubumbashi. Aliisubiri hiyo ya pili kama mtoto anavyosubiri sikukuu, na mimi pia niliisubiri, nisije nikaonekana sikumtakia mema.

Shida ilikuwa Solange.

Solange alikuja pamoja na ruzuku, ametumwa na fondation kumfundisha Tresor. Msichana mzuri, mpole, kasoma, kucha safi (kucha zangu mimi zinanuka samaki hata Jumapili). Mara nyumbani ikawa Solange amesema hivi, Solange hapendi chumvi nyingi, Solange anaona nywele hizi zikatwe. Nilivumilia. Lakini jioni moja Tresor, mdomo umejaa bukari (ugali wetu) niliyoisonga mimi, akasema, "Yaya Solange atatuletea pamba ya muzuri." Yaya Solange. Nilihisi kama mtu amevaa kitenge changu bila kuniomba, tena kimempendeza kuliko mimi.

Siku ya wageni nilipeleka chakula kwenye chumba cha kazi, nyuma ya ukumbi wa parokia, kama nilivyofanya kila siku: bukari, samaki, mboga ya lengalenga. Nikamkuta Tresor mlangoni, amevaa shati ambalo sijawahi kuliona, anatoka na Solange kwenda kuwapokea wageni barabarani.

"Yaya, leo tutakula na bageni," akaniambia. "Yaya Solange ameisha kupanga chakula."

"Na hii chakula minye nimeleta?"

"Uache tu apo. Ufunge mulango, ubakie na funguo, uende kuvaa. Utatukuta."

Ningefunga mlango siku hiyo, nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini niliingia kwanza kuweka sufuria, na bamba likaniangalia. Lilikuwa limelazwa juu ya meza mbili: wanawake wanavua samaki kwa vikapu mtoni, kazi nzuri kweli, lakini jeusi kama chini ya sufuria yangu. Miezi yote hiyo walikuwa wanajifungia humo na vijiti vya pamba, wanapapasa, wanapuliza, na bamba bado jeusi. Nikasema moyoni, Leontine, huyu msichana anavuta kazi makusudi, ili akae na mdogo wako (wivu una akili zake, na siku hiyo zilinitosha). Halafu nikawaza wageni. Katika mji huu, ambao umejengwa juu ya shaba, nani anapokea mgeni na shaba chafu? Hata kisahani cha shaba cha ukutani kwetu, mama alikuwa anakisugua kwa ndimu na majivu kila tulipopata mgeni, mpaka unajiona meno. Nikaona: nikiling'arisha hili, Tresor atapata sehemu yake ya pili, na atajua yaya ni nani.

Nikaenda kununua ndimu kando ya barabara. Majivu nikayachota kwenye jiko la padri, na mchanga laini ulikuwapo nyuma ya ukumbi. Nikafunga kitenge kiunoni, nikaanza upande wa chini. Ndugu zangu, shaba ile ilitoka kama jua. Maji ya mto yakang'aa, samaki wakang'aa, miguu ya wale wanawake ikang'aa, nami nasugua na kuimba, jasho linadondokea humo humo, mpaka nikafika kiunoni mwa wavuvi na ndimu zikaniishia. Nilitaka kwenda kuongeza, lakini nikasikia kwaya imeanza kuwaimbia wageni nje. Nikanawa mikono, nikavua kile kitenge chenye majivu, nikavaa cha kanisani nilichokuwa nimekuja nacho, nikasimama mlangoni kama mwenye nyumba.

Wakaingia: mkuu wa fondation (mzee mfupi mwenye miwani shingoni), mtaalamu wao wa vyuma Madame Odile, padri, Tresor na Solange, na nyuma yao kwaya na majirani. Waliposimama mbele ya bamba kukawa kimya. Mimi nikafikiri ni kile kimya cha kanisani, mtu anapoguswa. Basi bila kuombwa na mtu nikajitokeza.

"Ni minye nimelisafisha," nikasema. "Yaya wa Tresor. Wa tumbo moja. Bengine banakuya na masomo ya mingi, minye nimekuya na ndimu, na kazi muko munaiona."

Akina mama wakapiga makofi na vigelegele. Mama Feza, jirani yangu ambaye hakosi neno, akasema kwa nyuma, "Leontine, na sufuria zangu utanipitia lini?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, tena nikawaahidi wageni kwamba ule upande wa juu nitaumaliza kesho, kazi ni ndogo.

Madame Odile akainama karibu na bamba. Akaniuliza taratibu nimetumia nini.

"Ndimu."

Akaandika.

"Na majivu ya makala ya jiko."

Akaandika, akapigia mstari mara mbili, nikadhani amependa.

"Na muchanga, ule laini kabisa. Unasugua na nguvu, usiogope."

Nilimtajia polepole asikosee, nikijua kesho watakuwa wanafundisha hivyo Lubumbashi. Ndipo nikamtafuta Tresor kwa macho, nione amefurahi namna gani. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, shati lake jipya limegusa majivu, mikono ameiweka kichwani.

"Yaya," akasema, "ile nyeusi njo ilikuwa kazi yenyewe."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini kwaya yote ilisikia. Akanieleza, mbele ya watu wale wale walionipigia makofi: yule fundi wa zamani aliitia shaba moshi kwa makusudi, hapa sana, hapa kidogo, ili maji yawe na kina na samaki wawe na kivuli. Magamba ya samaki yalikuwa mistari myembamba kama unywele. Nikatazama samaki wangu. Walikuwa laini kama vijiko. Tresor na Solange na pamba yao hawakuwa wanauondoa weusi, walikuwa wanauokoa.

Nilitamani padri atoe baraka ya mwisho watu waende nyumbani. Badala yake yule mzee akavaa miwani yake, akauliza nani aliacha chumba wazi, maana kwenye makubaliano ya ruzuku mtu asiyefundishwa haruhusiwi kugusa bamba, na kosa kama hilo linaweza kusimamisha sehemu ya pili. Tresor akafungua mdomo. Kabla hajasema, Solange akasogea mbele.

"Ni kosa langu," akasema. "Mimi nilimtoa Tresor hapa bila kuacha mlinzi. Mama huyu hakuambiwa."

Ningepaswa kushukuru. Mtu mwenye roho nzuri angeshukuru. Mimi niliona wivu: amechukua meza yangu, amechukua jina langu, sasa anachukua hata kosa langu, tena analibeba vizuri kuliko mimi.

"Apana," nikasema. "Hii kosa ni yangu. Minye njo nilikuwa na funguo, minye njo nilisugua. Weye Solange utafute yako."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi, hata padri akageukia dirishani. Yule mzee hakucheka. Aliniuliza kama niko tayari kuyarudia hayo mbele ya wenzake, nikajibu hata sasa hivi, kwani nilikuwa nimebakiwa na aibu gani ya kutunza? Madame Odile akaagiza maji safi haraka, kwa sababu ndimu ilikuwa bado inakula shaba, nasi watatu, Solange, Tresor na mimi, tukayabeba kwa ndoo.

Ruzuku haikusimamishwa, lakini fondation iliigeuza. Ile sehemu ya pili, ya mabamba ya Tresor mwenyewe, imeingia yote katika kulitunza lile la parokia upya, na yeye ataomba tena pamoja na wengine, kuanzia mwanzo. Hakunigombeza. Wiki ile nzima alikula chakula changu chote, na afadhali angenigombeza.

Wivu haujaniisha, nisiwadanganye. Solange anakuja kula kwetu siku za Jumapili, na bado namhesabia vipande vya samaki. Ila chakula cha mchana sasa naishia nacho mlangoni, siingii, na chochote cha Tresor nikikikuta cheusi nakiacha cheusi. Na nimemwambia mwenyewe: siku wageni watakaporudi, anifungie ndani ya nyumba tangu asubuhi, na funguo, inaniuma kulisema, ampe Solange.