Meli ya Sadru na Neno Nililolisema

Siamini mambo ya mitandaoni, kwa hiyo nilipoona picha yako na mshumaa kwenye group la wazee, Sadru, nilipiga simu kwanza. Binti yako alipokea. Akaniamkia, akasema ni kweli, baba ametutoka alfajiri. Hata hapo nilimuuliza mara ya pili.

Kwa msiomjua: Sadru alikuwa fundi redio, Mhindi mzaliwa wa hapa hapa Dodoma. Mimi nilikuwa seremala, Mgogo wa Bahi. Tulifahamiana siku za mwisho za Mwingereza, wakati kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Alikuja kwenye karakana ya serikali nilikofanya kazi, na jarida la Kizungu lenye mchoro wa meli ya matanga. Akataka nimchongee moja, urefu wa mkono na nusu. Alisema itaendeshwa kwa redio, yeye akiwa amesimama nchi kavu.

Nilikubali, lakini moyoni nikajiuliza: mtu ambaye hajawahi kuiona bahari, meli ya nini?

Nilichimba tumbo la ile meli kwa patasi wiki nzima. Matanga aliyashona dada yake kwa kitambaa cha amerikani. Sadru akatia ndani mota ya waipa ya lori bovu. Akibonyeza kitufe kwenye sanduku lake la kurushia mawimbi, mota inavuta kamba, tanga linakaza. Akibonyeza tena, kamba inalegea. Kitufe kingine kiligeuza usukani.

Mara ya kwanza tanga lilipojikaza lenyewe pale mezani, Sadru alinishika bega.

Ila alikuwa na maswali huyu bwana! Nani alihutubia mkutano wa chama cha kudai uhuru Jumapili? Watu walisemaje? Mimi nilikuwa mwanachama kwa siri, na kazini wangejua ningefukuzwa, kwa hiyo nilimjibu kwamba sikwenda. Na lile sanduku lake la kurushia mawimbi lilikuwa na waya mrefu juu. Nikaanza kuacha kuongea nikiwa karibu nalo. Hata akikohoa, nilihisi kuna mtu anapewa ishara.

Siku moja nikamwambia foreman wangu kwamba Sadru ana mashine ya kurusha habari. Nikawaza: kama ni mtu wa Wazungu, hawatamgusa, nitajua. Foreman akaogopa kupoteza kazi yake, akapeleka report polisi.

Walimchukua asubuhi, mbele ya dada yake. Hapo nikajua hakuwa mtu wao.

Alikaa mahabusu siku tatu. Ya nne, inspekta mmoja Mzungu akatupeleka kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe nje ya mji. Aliniita na mimi kwa sababu mimi ndiye niliyeichonga. Alitaka kuona hiyo mashine inafanya nini.

Upepo wa Dodoma mnaujua. Meli ililala ubavu, tanga likagusa maji, nikajua imekwisha na Sadru naye amekwisha. Yeye, ndevu zimemwota, akabonyeza. Tanga likalegea, meli ikainuka, ikaenda hadi ng'ambo, ikageuka, ikarudi. Wachungaji waliacha ng'ombe wao wakaja kutazama. Inspekta akaomba abonyeze mwenyewe.

Aliachiwa siku hiyo hiyo. Sanduku lilibaki kituoni kwa kukosa leseni, na meli hatukuiendesha tena.

Lakini mji haukumwachia. Watu walisema ametoka upesi kwa sababu ni mpelelezi. Hata baada ya uhuru, akipita, mazungumzo yalikatika. Nilikuwa nimekaa nao barazani. Nilinyamaza.

Miaka miwili iliyopita nilimfuata kwake Ipagala, nikamweleza yote. Alikoroga chai yake.

“Nilijua, Mathayo,” akasema. “Sanduku lile mlilijua wewe na dada yangu tu.”

Nikamuuliza mbona basi aliendelea kuwa rafiki yangu. Akaniambia naye alinishuku. Alidhani karakana imenituma nimchunguze, na yale maswali ya mikutano yalikuwa mtego, aone kama nitamdanganya.

“Mikutanoni nilikuona, na ulinidanganya kila mara,” akasema. “Nikakuogopa. Halafu siku ile bwawani meli ilipolala, uliingia majini na viatu kwenda kuiokoa. Polisi walikuwa wanakuita urudi. Mtu aliyetumwa hafanyi hivyo.”

Nilitaka niyaseme haya hadharani angali hai. Alikataa, akasema nisimsumbue uzeeni na maneno ya watu. Nikatii. Nashuku nilitii kwa sababu ilinifaa mimi.

Sasa nasema, nikiandika kwa kidole kimoja. Ndugu zangu wa Dodoma, nyinyi mliosikia kwa baba zenu kwamba Sadru alikuwa mpelelezi wa Mwingereza: hakuwa. Mimi ndiye niliyemchongea kwa polisi. Yeye alikuwa anaunda meli.

Nenda, ndugu yangu. Ulale na jina lako likiwa safi.