Migomba ya Mama Mkwe Juu ya Tuta

Siku mama mkwe wangu aliposhuka mlimani kuja kukaa nasi, alipanda juu ya tuta, akayatazama mabwawa ya majitaka ya mji mzima, akavuta pumzi bila kuziba pua. "Mbolea yote hii," akasema, "na hamna hata mgomba mmoja!"

Mimi ndiye niliyeajiriwa kulitunza tuta hilo. Ni udongo mtupu ulioshindiliwa kuyazuia maji hayo, na chini yake kuna nyumba za watu, yetu ikiwa ya kwanza. Nafyeka nyasi, naziba mashimo ya panya, naangalia kama mguu wake una unyevu, maana unyevu ni dalili kwamba maji yanapenya. Pale hapatakiwi kuota chochote zaidi ya nyasi. Mizizi mikubwa ikioza huacha njia, maji yakapita humo, na tuta likaenda na maji.

Lakini Mmeru kama mama mkwe akiona udongo mtupu karibu na maji, mkono unamwasha. Nilikwenda kumsalimia mama yangu Singida, na niliporudi nikakuta migomba imepangwa mstari mzima juu ya tuta. Ilipendeza, ukweli usemwe. Nilitaka kulia.

Nikamwomba mume wangu azungumze na mama yake. Ghafla akakumbuka ana safari ya Momela.

Nikaenda mwenyewe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona migomba yangu?"

"Nimeiona, mama. Na lazima niing'oe, tuta litabomoka."

Aliingia chumbani, nikasikia zipu ya begi. Nilimpenda mama yule, na sasa ningejulikana mlima mzima kuwa mkamwana aliyemfukuza mama mkwe kwa ajili ya bwawa la choo.

Mimi si wa mlimani, ila nimeolewa huko muda wa kutosha kuijua dawa. Nilikimbia kwa jirani, nikakata tawi la isale, mmea wa majani marefu, kwenye ua wake, nikamwendea mama nimelishika kwa mikono miwili. Kwao, anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe.

Alilitazama tawi, akanitazama. "Nani kakufundisha?"

"Wewe, mama. Siku ile ulipogombana na mdogo wako."

Alicheka mpaka akaketi juu ya begi lake.

Migomba tuliing'oa pamoja, tukaihamishia nyuma ya nyumba, na mashimo tukayashindilia kwa miguu huku akiimba nyimbo za kwaya. Tawi la isale akalichomeka nje kidogo ya mguu wa tuta, maana kwao isale ndilo mpaka wa shamba pia. Limeshika. Mbuzi wa jirani akilivuka, anasikia matusi ya Kimeru ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Hajarudi mlimani. Kila asubuhi hunitangulia kuuzunguka mguu wa tuta, akipapasa udongo kwa kiganja. Akirudi huniambia, "Pakavu, mwanangu," ndipo tunakunywa chai.