Mbuzi wa Ntheo Ndani ya Pikapu Inayochemka

Siku niliyopelekwa kuolewa rasmi nilikuwa na watoto wanne, magoti mabovu na mvi za kutosha. Nilikaa mbele ya pikapu nikiwa na gauni jipya, mume wangu kwenye usukani na suti yake ya kanisani, na nyuma yetu, chini ya turubai, mbuzi wangu wa ntheo walilia safari nzima.

Kwetu Ukambani mwanamume anaweza kuishi na wewe, ukamzalia, ukampikia, ukamzeekea, lakini kama hajapeleka mbuzi wa ntheo kwa baba yako, wewe bado ni msichana wa kwenu. Hata pete ya kanisani haibadilishi hiyo. Na mume wangu hakuwa amepeleka hata mkia.

Si kwamba tulikosa mbuzi. Tunaishi upande wa Ikutha, na huko mbuzi ni wa kumwaga. Kilichokosekana ni moyo. Tulitoroka pamoja tukiwa vijana, akamwona baba yangu mara moja tu, kwa mbali, akaamua inatosha. Tangu hapo kila mwaka ulikuja na sababu yake: ukame, karo, mto umejaa, mbuzi wamekonda, mbuzi wamenona mno ni aibu kuwatoa sasa. Hata tulipomzika mama yangu kule kwetu Kasikeu, alisimama nyuma kabisa pamoja na madereva, kofia mkononi, na baba alipogeuka upande wake akainama ghafla kukagua gurudumu.

Iliniuma. Wacha nisidanganye, iliniuma sana. Dada zangu wote walishatolewa mbuzi, na kila tukikutana nyumbani kulikuwa na utani fulani ambao wao waliucheka na mimi nikaangalia chini.

Aliyetusukuma ni binti yetu. Alipata mtu wake, na watu wa huyo kijana wakatuma habari kwamba watakuja kuona wazazi. Hapo ndipo wazee wa ukoo wa mume wangu walimkalisha chini na kumweleza peupe kwamba hawezi kupokea mbuzi wa binti wakati wa mama yake hawajafika. Nikampigia kaka yangu. Akasema baba yuko tayari, tuje Jumamosi, ila tufike kabla ya saa sita. Baba alikuwa amezeeka sana, macho yamefifia, na baada ya saa sita hulala, na akilala wazee wenzake huvaa kofia zao wakaenda. Tena akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba nisihesabu Jumamosi nyingi.

Jumamosi ya kwanza hatukufika, na mwenye makosa alikuwa rejeta ya gari. Ama niseme mwenye rejeta.

Mume wangu anaipenda ile pikapu kuliko inavyostahili. Amekaa nayo miaka mingi na wakati wote jicho lake moja liko barabarani na lingine liko kwenye geji ya joto, pale ambapo sindano hupanda kutoka baridi kwenda moto. Kwake yeye injini nzuri ni injini baridi. Asubuhi, sindano ikiwa chini kabisa, anapiga mluzi. Ikianza kupanda, mluzi unakufa. Ikikaribia katikati, anatoa gari barabarani, anafungua boneti, anachukua kitambaa na kuzungusha kifuniko cha rejeta ili, kwa maneno yake, gari lipumue. Fyuuu! Mvuke unatoka, maji yanaruka, sisi wote tunakimbia. Kisha anajaza maji ya mtungi, anafuta jasho, na anatuangalia kama daktari aliyeokoa mtu.

Jumamosi hiyo gari lilipumua kwenye daraja la mto Athi. Likapumua Kibwezi. Tulipofika Makindu lilipumua mpaka mtungi ukaisha, na wakati tukitafuta maji kaka alipiga simu kwamba baba ameshalala. Tukageuza. Mbuzi walirudi nyumbani wakiwa wameiona dunia, na mimi nilimnunia mwenye gari wiki nzima. Nilimpikia, lakini nilimpikia nikiwa nimenuna, na yeye anaijua hiyo ladha.

Katika kununa nilipata nafasi ya kufikiri. Nilikumbuka siku binti yetu alipotuendesha kutoka Kitui mjini kwa gari hilo hilo, baba yake amesinzia kando ya dirisha na mimi katikati nikiangalia geji kwa mazoea ya woga. Sindano ilipanda, ikafika chini kidogo ya nusu, ikakaa hapo. Ikakaa mpaka Mutomo, ikakaa mpaka nyumbani, haikutikisika. Nilipomuuliza kama tusimame, alicheka, akaniambia hapo ndipo inapotakiwa kukaa, injini ikiwa baridi hata kazi haifanyi vizuri.

Nikakumbuka pia ile sufuria ya presha aliyoniletea nipikie muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, maana muthokoi kwa moto wa kawaida unaweza kumaliza kuni za kijiji. Siku ya kwanza iliponguruma niliogopa, nikalazimisha kifuniko kabla haijapoa. Maharagwe yako kwenye dari mpaka leo. Lakini baada ya hapo niliielewa. Ule mvuke uliofungiwa ndani ndio unaofanya maji yavumilie moto mkali bila kuchemka yakaisha. Ukifungua ghafla, kile kilichokuwa kimetulia kinachemka chote kwa pamoja na kuja usoni kwako. Nikakaa kitandani wima. Aka! Kumbe kifuniko cha rejeta hakikuwekwa pale kuzuia vumbi.

Jumamosi ya pili tuliondoka jua likichomoza. Nilinyamaza mpaka Kibwezi, nikitumaini labda nimeolewa na mtu mwingine, lakini sindano ilipokaribia nusu, indiketa ikawaka. Akatoka na kitambaa chake. Kabla sijafungua mlango, fyuuu, maji yote yako chini na mbuzi wanapiga kelele.

Nilishuka nikasimama kati yake na boneti, mikono kiunoni, na watu wa vibanda vya matunda wakageuka kutazama. "Baba watoto," nikamwambia, "hili gari halina ugonjwa. Wewe ndiye unalichemsha."

Nikamweleza habari ya sufuria. Nikamweleza kwamba kila akifungua anamwaga presha na maji pamoja, mtungi haurudishi yote, gari linaondoka na maji pungufu, na maji pungufu ndiyo yanayochemka kweli, halafu anasema si niliwaambia. Akajibu kwamba sindano ilikuwa nusu. Nikamwambia nusu ndiyo kawaida yake, hata yeye mwili wake una joto lake na hakuna anayemsimamisha kando ya barabara amfungue. Mama mmoja muuza machungwa alicheka mpaka akakaa chini, na nadhani hiyo ndiyo iliyomshinda mume wangu, si maelezo yangu.

Tuliacha injini ipoe kabisa, hata kama kila dakika ilinichoma. Mbuzi wakala maganda ya machungwa. Kisha tukajaza rejeta mpaka juu, tukajaza na ile chupa ya akiba ya pembeni, tukafunga kifuniko mpaka kikakataa kusonga. Nikatoa sharti langu: kuanzia hapo yeye ataangalia barabara na mimi nitaangalia sindano, na nikiona imepita nusu nitasema kweli. Alikubali kwa shingo upande.

Makindu tukaipita. Kila baada ya muda aliuliza iko wapi, nami nikamjibu iko kwake, pale chini ya nusu. Emali tukaipita, iko kwake. Akaanza kupiga mluzi, halafu akakumbuka tunaenda wapi, akaacha.

Baada ya Sultan Hamud tulikata kuingia barabara ya Kasikeu, na hapo mambo yakabadilika. Jua lilikuwa la karibu saa tano, mlima umeanza, mbele yetu lori la mchanga linatambaa na kutupulizia vumbi, na upepo wa kupoza rejeta hakuna. Nikaona sindano inatoka kwake. Polepole, lakini inatoka. Nikaiangalia ikivuka nusu, na shetani akaniambia ninyamaze, maana nikisema atasimama, akisimama ataogopa, na baba atalala. Lakini nilikuwa nimeahidi, na gari likiungua hatutafika kabisa. Nikamwambia imepita.

Nilingoja indiketa. Haikuwaka. Alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele.

"Nikisimama hapa," akasema, "sitaondoka tena."

Nilimwangalia huyu mtu niliyezeeka naye, jasho limempita kwenye kola, na hasira yangu ya wiki nzima ikaniishia. Rejeta ilikuwa haina kosa lolote. Yeye alikuwa anamwogopa baba yangu tangu ujana wetu, ile nthoni, haya ya wakwe, na kila mara sindano ilipopanda kidogo ilimpa ruhusa ya kusimama. Nilimhurumia mpaka nikataka kulia, lakini sindano ilikuwa haingoji mtu alie.

Nikafungua hita. Binti yetu aliwahi kunionyesha: hita huchukua joto la maji ya injini na kulileta ndani kwa abiria. Nikaizungusha mpaka mwisho, feni ikavuma. Mume wangu aliniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, kuwasha hita Makueni, kwenye jua kama lile. Nikamwambia aweke gia ndogo, aende taratibu, aache nafasi nyuma ya lori, na avumilie. Tulifungua madirisha yote na bado ilikuwa kama kukaa jikoni mwa sherehe. Suti ikamshika mgongoni. Gauni langu jipya likawa si jipya tena. Lakini sindano ilisimama, ikafikiri kidogo, halafu ikaanza kurudi.

Tuliingia uani kabla ya saa sita. Kaka alitutazama tukishuka tukitiririka jasho, akauliza kama mvua imenyesha njiani.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, hajalala, wazee wenzake kando. Mbuzi wakashushwa. Kwa sababu macho hayamsaidii, aliwapima kwa mikono, mmoja mmoja, masikio, mgongo, mbavu, bila haraka, na mume wangu amesimama pale akijifuta uso kwa kile kitambaa cha rejeta bila kujua, akijichora mistari ya grisi kwenye paji. Dada zangu waliziba midomo. Baba alipomaliza aliuliza mwenye hawa mbuzi yuko wapi, mume wangu akajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, nyembamba kabisa. Baba akanigeukia mimi, akauliza swali linaloulizwa kila msichana siku hiyo: "Tuwale?"

Maana wakiliwa, basi wewe ni wake. Ukikataa, wanafunguliwa wanarudi.

Nilijua jibu langu tangu zamani, lakini sikulitoa mara moja. Nilimwacha mume wangu angoje kidogo. Alinitazama na grisi yake usoni, hapumui, na mimi nikarekebisha leso, nikakohoa, nikaangalia mawingu ambayo hayakuwepo. Wazee wakaanza kusogea kwenye viti.

"Waleni, baba," nikasema, na vigelegele vikazima sauti yangu.

Nyama ilipokuwa motoni baba aliniita. Nikachuchumaa karibu na kiti chake. Alinishika mkono, akaninong'oneza kwamba msichana asiyetolewa mbuzi akifa huzikwa kwa baba yake, na kwa hiyo miaka yote hii alikuwa amenitengea mahali pangu shambani, kando ya kaburi la mama. Kila msimu alipalilia mwenyewe na kumfukuza kaka yangu na jembe lake, ili nikija nipakute pasafi.

Baba akanipigapiga mkono.

"Sasa hapo nitapanda ndengu," akasema.